Kutunza na Kufufua Hilux ya Zamani Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanahusu Toyota Hilux ya dizeli yenye magurudumu manne ya kuvuta, iliyotumika Japani kabla ya kufika kwetu, hasa ya kizazi cha tano (kilichoanza mwaka 1988) na cha sita (kilichoanza mwaka 1997). Mwenye Nissan au Mitsubishi ya umri huohuo atafaidika na sehemu kubwa ya maelezo, ila vipimo na namba za vipuri atafute vya gari lake.

## Mambo ya msingi

1. Nitajuaje hasa nina Hilux ya aina gani?

Fungua boneti, utaona bamba dogo la chuma lililopigwa riveti kwenye ukuta unaotenganisha injini na chumba cha dereva. Safisha vumbi kwa kitambaa chenye dizeli kidogo, kisha lipige picha na uihifadhi kwenye simu, kwa sababu kila utakapokwenda dukani utaulizwa yaliyoandikwa pale. Herufi za mwanzo ndizo zenye habari kubwa. LN ni injini za ukoo wa L, yaani 2L ya sentimita za ujazo 2446, 3L ya 2779 na 5L ya 2986. RN na YN ni za petroli, na KZN ni dizeli yenye tabo ya ukoo wa KZ. Tarakimu zinazofuata hutofautisha umbo na mfumo wa chini: LN106, kwa mfano, ina ekseli nzima ya mbele inayokaa juu ya springi za majani, ilhali LN167 ya kizazi kilichofuata ina magurudumu ya mbele yanayojitegemea. Tofauti hiyo inabadilisha kabisa jibu la swali la 13.

Bamba hilohilo lina msimbo wa rangi, wa giaboksi na wa ekseli. Linganisha pia namba ya chasisi iliyogongwa kwenye chuma cha chasisi karibu na gurudumu la mbele la kulia na ile ya kwenye kadi ya usajili kabla hujanunua kipuri hata kimoja.

2. Kwa nini magari haya yaliuzwa nje ilhali injini zilikuwa bado nzima?

Sababu kubwa ni sheria za kwao. Pikapu huhesabiwa Japani kuwa gari la mizigo, na magari hayo hukaguliwa kila mwaka kwa gharama isiyo ndogo. Zaidi ya hapo, sheria ya moshi ilikazwa mwaka 2001, na jiji la Tokyo lilianza Oktoba 2003 kuyazuia magari ya dizeli ya kibiashara yasiyotimiza kiwango chake cha moshi. Mwenye dizeli ya zamani katika miji mikubwa alibaki na njia mbili: kufunga kichujio cha gharama au kuuza. Kwa hiyo injini yenye afya ndani ya gari la miaka mingi si jambo la kutilia shaka. La kutilia shaka ni chasisi, maana mikoa ya theluji humwaga chumvi barabarani kila majira ya baridi (tazama swali la 16).

3. Ni kazi zipi ninazoweza kuzifanya nyumbani, na zipi nimwachie fundi?

Mtu mwenye subira, sehemu tambarare na seti ya spana za milimita 8 hadi 24 anaweza kubadilisha oili zote, vichujio, maji ya rejeta, pedi na viatu vya breki, plagi za kupasha joto, mikanda ya feni, shokapu, bushi za springi, na hata belti ya taimingi (mkanda unaofanya krenki na valvu zizunguke kwa mpangilio mmoja) akiwa na uangalifu. Pampu ya dizeli, nozeli, uchongaji wa silinda hedi (kichwa cha juu cha injini) na upangaji wa meno ya difu (sanduku la meno linalopeleka nguvu kwenye magurudumu ya ekseli) vinataka mitambo ambayo haipo nyumbani, na fundi wa mtaani asiye na mashine ya kupimia pampu yuko katika hali ileile uliyo nayo wewe.

Jambo moja halina mjadala: usiingie chini ya gari lililoshikiliwa na jeki peke yake. Weka stendi mbili za chuma chini ya chasisi au ekseli, zuia magurudumu yaliyobaki chini kwa mawe au vipande vya mti, kisha lisukume gari kwa bega kabla ya kuingia. Matofali ya saruji hayafai kuwa stendi kwa sababu hupasuka ghafla bila kuonya.

4. Nimeinunua juzi. Nianzie wapi?

Wengi huanzia kwenye rangi, rimu na muziki, nami naona huko ndiko fedha zinakopotelea, kwa sababu rangi mpya hufunika kutu na kumtuliza mwenye gari wakati belti ya taimingi ina umri usiojulikana. Utaratibu ninaoupendekeza ni huu: kwanza breki na usukani, kwa kuwa ndivyo vinavyoua, pili mfumo wa kupoza injini na belti ya taimingi, kwa kuwa vikiharibika injini nzima huharibika pamoja navyo, tatu oili zote za chini, nne kutu ya chasisi, ndipo umeme mdogo, viti na rangi.

Chochote ambacho hakina ushahidi wa kubadilishwa, kihesabu hakijabadilishwa. Mita ya kilomita isikutulize, kwa sababu kuirudisha nyuma mita ya zamani ni kazi nyepesi. Kanyagio la klachi lililolika hadi chuma na usukani uliong'aa ni mashahidi wa kuaminika zaidi. Nunua daftari la kukaa kwenye kidroo cha gari, uandike tarehe, kilomita na kilichofanyika.

## Injini

5. Nitumie oili gani na niibadilishe kila baada ya muda gani?

Oili ya dizeli ya 15W-40 yenye daraja la API CF-4 au la juu zaidi inatosha, na kilomita 5,000 ni kipimo cha busara katika vumbi letu. Oili nzito ya namba 40 inayouzwa kwa kipimo madukani haitaleta madhara makubwa Dar es Salaam, lakini asubuhi ya baridi ya Njombe au Makete itachelewa kufika juu ya injini, na dakika hiyo ya ukavu ndiyo inayokula kamshafti (mhimili unaofungua valvu). Zima injini ikiwa na moto wa wastani, toa oili ikiwa nyepesi, paka oili mpya kwenye mpira wa kichujio kipya, na ukikaze kichujio kwa mkono tu. Kiasi cha kujaza kiamuliwe na kijiti cha kupimia, wala si ukubwa wa dumu ulilonunua.

Oili mpya ikigeuka nyeusi siku ileile usishtuke, kwa sababu masizi ya dizeli ndivyo yalivyo. La kutisha ni oili inayoongezeka badala ya kupungua, au yenye rangi ya chai ya maziwa. Hiyo ina maana kwamba dizeli au maji yameingia ndani, na gari lisiwashwe tena kabla sababu haijapatikana.

6. Belti ya taimingi ibadilishwe lini, na je, naweza kuibadilisha mwenyewe?

Injini za 2L, 3L na 5L hutumia belti ya mpira, na taa ya T-BELT kwenye dashibodi imepangwa kuwaka kila kilomita 100,000. Taa hiyo isiaminiwe kwenye gari lililotumika, kwa sababu kuizima ni jambo moja na kubadilisha belti ni jambo jingine. Belti ikikatika injini ikizunguka, pistoni hugonga valvu, na utakachonunua baada ya hapo hakitakuwa belti.

Kazi yenyewe inawezekana nyumbani kwa siku moja. Toa mikanda ya feni, feni na puli ya krenki (boliti yake hukazwa sana, na puli hutoka kwa kivutio chake, si kwa bisibisi), kisha fungua kifuniko. Kabla ya kulegeza chochote, zungusha krenki kwa spana mpaka alama za gia ya kamshafti, gia ya pampu ya dizeli na krenki zote zikutane na alama zake kwenye injini, halafu zipige picha na uziongezee doa la rangi nyeupe. Badilisha pia roli la kukazia belti, na sili za kamshafti na krenki zikionyesha unyevu, kwa kuwa oili hulainisha mpira wa belti mpya na kuumaliza kabla ya wakati. Ukishafunga, zungusha krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili na utazame alama upya. Ukihisi kizuizi kigumu, simama. Usijaribu kukipita kwa stata.

7. Gari linachemsha nikipanda mlima wenye mzigo, lakini mjini halina shida. Tatizo ni nini?

Hili ndilo swali linalostahili jibu refu kuliko yote, kwa sababu injini za ukoo wa L, na hasa zile zenye tabo, zina historia ya kupasuka silinda hedi zikichemshwa. Anayepanda mlima wa Kitonga akiwa amejaza mahindi nyuma, sindano ikiwa imepita katikati, hana muda wa kufika juu "kwanza" ndipo aangalie. Asimame, aache injini ikiunguruma bila kukanyaga mafuta, awashe hita ya ndani kwa nguvu zote, na asifungue kifuniko cha rejeta mpaka kishikike kwa mkono mtupu.

Uchunguzi uanzie nje. Kati ya rejeta na kondensa ya kiyoyozi hujaa nyasi, wadudu na udongo ambao hauonekani ukiangalia kwa mbele. Ondoa na uoshe kwa maji ya kawaida kutoka upande wa injini kwenda nje, kwa shinikizo dogo ili mapezi yasilale. Kifuniko cha rejeta chenye mpira uliokauka hushindwa kushika shinikizo, na maji huchemka mapema. Kisha jaribu klachi ya feni: injini ikiwa na moto na imezimwa, sukuma feni kwa kidole. Ikizunguka mara nyingi kama haina kitu cha kuishika, mafuta ya silikoni yaliyomo ndani yamekwisha. Themostati (valvu inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate moto) haina gharama kubwa, basi ibadilishe. Kuitoa na kuliacha gari bila themostati ni desturi iliyoenea ambayo huifanya injini ifanye kazi ikiwa baridi, ile mafuta na kujaza masizi, bila kuponya rejeta iliyoziba.

Yote yakiwa sawa, pima silinda hedi. Asubuhi, injini ikiwa baridi kabisa, fungua kifuniko cha rejeta, jaza maji hadi juu, washa na utazame. Povu dogo la mwanzo ni hewa iliyonaswa. Mapovu yanayoendelea kutoka bila kukoma, au mpira wa juu wa rejeta unaokuwa mgumu ndani ya dakika moja au mbili huku maji yangali baridi, ni gesi ya mwako inayopita kwenye gasketi au kwenye ufa. Hedi ikitolewa, ipelekwe kupimwa ufa kwa shinikizo kabla ya kuchongwa, kwani kuchonga hedi yenye ufa ni kulipa mara mbili.

Maji ya bomba peke yake huleta kutu na magadi ndani ya njia za injini. Tumia kulanti (dawa ya maji ya rejeta) iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyochujwa chumvi, hata kama unaishi Tanga na hujawahi kuona barafu nje ya friji.

8. Asubuhi inasumbua kuwaka, ikishawaka mara moja haisumbui tena. Niangalie nini?

Kuna mambo mawili yanayofanana kwa dalili. La kwanza ni plagi za kupasha joto. Zitoe waya, shika taa ya kupimia iliyofungwa kwenye nguzo chanya ya betri, na gusa ncha ya kila plagi: isiyowasha taa imekufa. Unaponunua mpya soma voti iliyoandikwa juu yake, kwa kuwa mifumo ya Toyota ya kipindi hicho ilitofautiana, na plagi ya voti ndogo ikipewa umeme kamili wa betri kwa muda mrefu huungua, na ncha yake huweza kudondokea ndani.

La pili ni hewa kwenye dizeli. Gari likilala, dizeli hurudi kwenye tenki kupitia mpira uliopasuka au kupitia pampu ya mkono iliyo juu ya kichujio. Bonyeza pampu hiyo asubuhi kabla ya kuwasha mpaka iwe ngumu. Gari likiwaka mara moja, umepata jibu. Ukitaka uhakika, unganisha kwa muda kipande cha mpira mwangavu kati ya kichujio na pampu ya dizeli, na utayaona mapovu kwa macho yako.

Ukiwa hapo, legeza koki ya chini ya kichujio na utoe maji yaliyotuama. Dizeli iliyochakachuliwa kwa mafuta ya taa ni adui mkubwa zaidi, kwa sababu pampu ya injini hizi hulainishwa na dizeli yenyewe, na mafuta ya taa hayana ulaini huo. EWURA, mamlaka ya Tanzania inayosimamia nishati na maji, ilianza kuweka vinasaba (alama za kutambulisha mafuta halali) kwenye mafuta mwaka 2010 kwa ajili ya kupambana na mchezo huu, lakini mafuta ya kwenye madumu kando ya barabara hayana mlinzi.

9. Rangi ya moshi inaniambia nini?

Moshi mweusi ukikanyaga ni dizeli nyingi kuliko hewa: anza na kichujio cha hewa, kisha nozeli. Moshi mweupe wenye harufu kali ya dizeli asubuhi ni plagi au nozeli. Mweupe usiokwisha huku maji ya rejeta yakipungua, rudi swali la 7. Wa bluu ni oili inayoungua, ama kwa sili za valvu, ama kwa ringi za pistoni.

10. Kwa nini pikapu yangu ina betri mbili? Naweza kuondoa moja?

Magari yaliyotengenezwa kwa mikoa ya baridi ya Japani yaliongezewa betri ya pili. Kwenye Hilux kwa kawaida zote mbili ni za voti 12 zilizounganishwa sambamba, chanya kwa chanya, na kwa hali ya hewa ya Dodoma betri moja nzima inatosha. Land Cruiser za Kijapani za miaka hiyo, kwa upande mwingine, nyingi zina voti 24, na anayechanganya mambo haya mawili huunguza taa na stata. Pima kwa mita kati ya nguzo chanya ya mwisho na bodi kabla ya kufungua chochote. Ukiondoa betri moja, funika ncha za waya zilizobaki kwa mpira, usiziache zikining'inia.

## Magurudumu manne, giaboksi na difu

11. Nitumie H4 na L4 wakati gani?

H2 ni kuvuta kwa magurudumu mawili ya nyuma, H4 ni kwa manne kwa mwendo wa kawaida, na L4 ni kwa manne kwa gia nzito. Hilux hizi hazina difu ya katikati. Ukiingiza H4, ekseli ya mbele na ya nyuma hufungwa zizunguke kwa mwendo mmoja, ilhali gari linapokata kona magurudumu ya mbele husafiri mbali zaidi kuliko ya nyuma. Kwenye matope na mchanga tofauti hiyo humalizwa na tairi kuteleza. Kwenye lami kavu haina pa kwenda, hivyo usukani huwa mzito, tairi hulika na minyororo au gia za transfa (sanduku linalogawa nguvu kwa ekseli mbili) huumia. Kwa hiyo lami ni H2, siku zote. L4 ni ya mwendo wa polepole wenye nguvu, kama kushuka mlima wa utelezi au kuvuta, na huingizwa gari likiwa limesimama.

Kama vitovu vya magurudumu ya mbele ni vya kuzungusha kwa mkono, vigeuze vyote viwili kwenda LOCK kabla ya kuingia kwenye tope, kwa sababu kushuka kuvigeuza ukiwa umezama hadi magotini ni adhabu. Hata wakati wa kiangazi, endesha kilomita chache za barabara ya vumbi kwa H4 kila mwezi ili oili ifike kwenye meno na sili za mbele.

12. Oili za giaboksi, transfa na difu zinabadilishwaje?

Kuna sanduku nne: giaboksi, transfa, difu ya mbele na difu ya nyuma. Kila moja ina nati mbili, ya juu ya kujazia na ya chini ya kutolea, nyingi zikifunguliwa kwa spana ya 24. Fungua ya juu kwanza. Ukishamwaga oili halafu nati ya kujazia ikakataa, umelilaza gari. Difu hutaka oili ya namba 90 ya GL-5. Giaboksi hupendelea 75W-90 ya GL-4, ambayo ni rafiki wa ringi za shaba zilizomo ndani. Jaza mpaka oili ianze kutiririka kwenye tundu la juu gari likiwa limekaa sawa.

Vipande vya chuma vilivyonata kwenye sumaku ya nati vitazamwe kwa makini. Unga mweusi laini kama wa penseli ni wa kawaida, lakini kipande chenye pembe unachoweza kukishika kwa kucha ni jino.

13. Gurudumu la mbele lina mafuta meusi mazito upande wa ndani. Ni breki?

Kwenye LN106 na ndugu zake wenye ekseli nzima, mara nyingi si breki. Ekseli huisha kwa tufe la chuma ambalo kiungo cha gurudumu hugeukia juu yake, na ndani ya tufe mna grisi. Sili ya ndani ikichakaa, oili ya difu huvuja na kuingia kwenye grisi, mchanganyiko ukalegea, ukatoka kupitia mpira wa kufutia tufe. Kupangusa kwa tambara hakusaidii. Seti ya sili, gasketi na mipira ya kufutia huuzwa pamoja, na kazi hii ndiyo nafasi ya kuosha bearingi za tufe na kiungo cha ekseli kwa dizeli na kuzijaza grisi nyeusi ya molibdeni.

Ili kufika huko utakutana na nati mbili kubwa zinazoshikilia bearingi za gurudumu, zenye upana wa milimita 54, na kati yake washa yenye meno ya kukunja. Nunua au azima boksi la 54. Karibu kila gari lililopita kwenye gereji za barabarani lina nati zilizopigwa patasi na nyundo mpaka kona zake zimekuwa duara, na bearingi iliyokazwa kwa patasi haina kipimo: ama imebana ikaungua, ama imelegea gurudumu likacheza.

Kwenye kizazi cha sita chenye magurudumu yanayojitegemea hakuna tufe hilo. Mafuta unayoyaona hutoka kwenye mpira wa kiungo cha ekseli uliochanika. Ubadilishe mapema, kabla mchanga haujaingia.

14. Nimepita kwenye maji ya mafuriko yaliyofika kwenye sakafu ya gari. Kuna cha kufanya?

Siku hiyohiyo legeza kidogo nati ya chini ya kila difu. Maji ni mazito kuliko oili, hivyo yatatoka kwanza. Ukiona rangi ya maziwa, badilisha oili yote. Maji huingia kupitia kipumulio kilichoko juu ya ekseli: difu yenye moto ikitumbukizwa kwenye maji baridi, hewa ya ndani hupungua na kuyavuta. Kipumulio kilichoziba kwa tope hufanya kinyume, yaani shinikizo la ndani husukuma oili nje kupitia sili, na wengi hubadilisha sili mara kwa mara bila kuligundua hilo. Kivute kwa mpira mwembamba hadi sehemu ya juu ya boneti, tatizo litakwisha.

## Breki na springi

15. Nimeongeza majani ya springi, sasa breki za nyuma ni dhaifu. Vinahusianaje?

Vinahusiana moja kwa moja. Juu ya ekseli ya nyuma kuna mkono wa chuma uliounganishwa na valvu inayogawa nguvu ya breki kufuatana na mzigo. Gari likilemewa, chasisi hukaribia ekseli, mkono husukumwa, na valvu huongeza shinikizo nyuma. Ukiongeza majani, chasisi hukaa juu, na valvu hudhani kwamba gari ni tupu hata ukiwa umebeba saruji. Mkono una sehemu ya kurekebisha urefu wake. Urekebishwe kila springi zinapobadilishwa.

Ukitoa upepo kwenye breki, anza na gurudumu lililo mbali zaidi na pampu kuu, na usiisahau nipeli ya valvu hiyo. Viatu vya nyuma hujikaza kupitia breki ya mkono, hivyo ambaye haitumii breki ya mkono hubaki na kanyagio refu. Viatu vilivyolowa oili ya ekseli havioshwi vikarudishwa, hata kwa petroli; badilisha sili na viatu pamoja.

Kuhusu majani yenyewe, jani moja la ziada kwa mkulima anayebeba kila wiki lina maana. Matatu hulifanya gari tupu lirukeruke kwenye makorongo hadi chasisi ipasuke nyuma ya kabini, na hapo ndipo swali linalofuata linapoanzia.

## Kutu na rangi

16. Nitajuaje kama chasisi bado ni salama?

Chukua nyundo ndogo na ugonge chasisi kuanzia mbele hadi nyuma. Chuma kizima hulia kwa sauti kali. Kilicholiwa hutoa sauti iliyokufa na maganda huanguka. Mahali pa kuchunguza zaidi ni mviringo unaopita juu ya ekseli ya nyuma, mikono ya springi, sehemu iliyo karibu na tenki, na vikalio vya kabini. Chasisi ni sanduku, na kutu huanzia ndani ambako tope limekaa, hivyo ingiza waya kwenye matundu na uchokoe tope litoke.

Nyundo ikitoboa, kiraka kinawezekana kwa mchomeleaji anayejua kazi. Kiraka kiwe na ncha zilizochongoka badala ya kuwa cha mraba, kwa sababu mshono unaokatiza chasisi wima ndipo itakapopasukia. Ondoa nyaya za betri na alternata kabla ya kuchomelea. Kutu ikiwa imekula pande zote mbili za chasisi mahali pamoja, fikiria upya kama gari hili linastahili fedha zako.

17. Je, kupulizia oili chafu chini ya gari kunazuia kutu?

Kunazuia kiasi, na ndiyo sababu desturi imedumu, kama ile ya kupaka mbao dhidi ya mchwa. Lakini oili hiyo ina asidi na masizi, hulainisha bushi na mipira ya breki, hukusanya vumbi na kuchafua udongo wa uani kwako. Kuna njia iliyo bora: osha, kausha siku nzima juani, kwangua kwa brashi ya waya, paka dawa ya kugeuza kutu yenye asidi ya fosforiki, kisha rangi ya msingi na rangi ya chasisi. Ndani ya sanduku la chasisi pulizia nta au grisi iliyoyeyushwa. Lami nzito iliyopakwa juu ya kutu yenye unyevu hufungia maji ndani na kuharakisha uharibifu, ingawa kwa nje gari litaonekana kama limetoka bandarini jana.

18. Naweza kupaka rangi ya bodi nyumbani?

Bodi ya nyuma ya mizigo, ndiyo, tena bila wasiwasi. Kabini inataka uvumilivu. Piga msasa wa maji kwa hatua, kuanzia 180 au 240 mpaka 600. Puti iwe nyembamba na juu ya chuma safi pekee. Subiri asubuhi isiyo na upepo wala unyevunyevu. Vaa barakoa yenye chujio la kemikali, na ukitumia rangi ya sehemu mbili yenye kikaushio cha isosayaneti, mpe kazi hiyo mwenye chumba na vifaa, kwa sababu mvuke wake huharibu mapafu na barakoa ya kitambaa haiuzuii.

## Vipuri na mambo ya pembeni

19. Ninunue vipuri vipya vya bei nafuu au vilivyotumika kutoka Japani?

Inategemea kipuri. Mlango, taa, kioo, kabini, giaboksi na difu vilivyotumika huwa na thamani kuliko vipya visivyo na jina. Belti, sili, bearingi, mipira ya breki na vichujio vinunuliwe vipya na vya asili. Iwe Gerezani jijini Dar es Salaam, Kirinyaga Road jijini Nairobi au Kisekka jijini Kampala, nenda na picha ya bamba (swali la 1), kipuri cha zamani mkononi, na namba kamili. Namba ya Toyota kwa kawaida ina tarakimu tano, kistari, na nyingine tano. Tano za mwanzo ni aina ya kipuri, kwa mfano 13568 kwa belti ya taimingi. Boksi zuri lenye maandishi yaliyofifia na bei ya kushangaza ni feki.

20. Redio haishiki stesheni zetu nyingi. Imeharibika?

Haijaharibika. FM ya Japani ilipangwa kati ya megahezi 76 na 90, ilhali yetu ni 87.5 hadi 108. Badilisha redio, kifaa cha kuhamisha masafa hukoroga sauti.

21. Nimepata difu ya nyuma kutoka Hilux nyingine. Naifunga tu?

Hapana, kabla hujalinganisha uwiano wake na wa difu ya mbele. Hilux za miaka hii zilitoka na uwiano tofauti, ukiwemo 4.10, 4.30, 4.556 na 4.875, na ukifunga usiofanana, siku utakapoingiza H4 ekseli mbili zitapigana na transfa ndiyo itakayolipa. Kama bamba la gari lililotoa difu halipatikani, hesabu mwenyewe: shikilia upande mmoja wa ekseli usizunguke, weka alama ya chaki kwenye flenji ya propela, zungusha upande wa pili mizunguko miwili kamili na uhesabu mizunguko ya flenji. Minne na kitu kidogo sana ni 4.10, minne na nusu na kidogo ni 4.556, ikikaribia mitano ni 4.875.

Kwa injini nzima iliyobadilishwa, uwiano si tatizo, lakini namba yake iko kwenye kadi ya gari, hivyo mabadiliko hayo yasajiliwe TRA kwa aliye Tanzania, au NTSA kwa aliye Kenya. Tunza risiti ya mahali ilipotoka, maana utaulizwa.